Daktari amevaa miwani ya 3D thieta? Tulia, hajaingia muvi

Unakumbuka ile miwani nyeusi ya plastiki uliyopewa mlangoni ukienda kucheki Avatar mwaka wa 2009? Ile ukivaa, vitu vinatoka kwa skrini hadi unajipata umenyoosha mkono kuvishika, halafu unaurudisha haraka ndio jirani asikucheke.

Sasa miwani ya ukoo huo imeingia thieta. Na huko anayeivaa hana soda mkononi. Ni daktari wa upasuaji, na mkasi wake uko ndani ya tumbo la mtu.

Hii si mbwembwe. Upasuaji wa kutumia vitundu vidogo umewapunguzia watu maumivu mengi, lakini ulikuja na shida moja ambayo wagonjwa wachache sana huambiwa. Daktari haoni ndani ya tumbo lako moja kwa moja. Anatazama skrini. Na skrini ya kawaida, hata iwe kubwa kama ile ya sebule ya tajiri, haina kina.

Kwa hivyo kama mathe, buda ama wewe mwenyewe umeambiwa utatolewa kifuko cha nyongo ama kidole tumbo kwa njia hii, soma hadi mwisho. Kuna vitu unafaa kujua kabla usaini ile fomu.

Upasuaji wa vitundu ni upi?

Zamani ukitolewa kifuko cha nyongo, daktari alichora mstari mrefu chini ya mbavu za kulia, akafungua, akaingiza mikono. Ukiamka una mshono wa kuogofya na wiki kadhaa za kukaa kejani bila kubeba hata mtungi wa maji.

Siku hizi stori ni tofauti. Ukishalala kwa dawa ya usingizi, daktari anatoboa kitundu karibu na kitovu na kuingiza gesi ya kaboni dayoksaidi. Tumbo linainuka kama hema, ndio kupatikane nafasi ya kufanya kazi. Wanatumia gesi hiyo kwa sababu haishiki moto, na inayobaki mwilini inafyonzwa na damu kisha unaitoa kwa kupumua.

Halafu inaingia fimbo nyembamba yenye kamera na taa, mara nyingi ya unene wa milimita 10. Vitundu vingine viwili ama vitatu vinatobolewa kando, vingine vya milimita 5 tu, vya kupitishia mikasi, koleo na klipu. Zote ni ndefu kama vijiti vya kuchomea mishkaki. Kazi nzima inafanyiwa humo, macho yote yakiwa kwa skrini.

Kazi ikienda fiti, wengi huenda nyumbani siku hiyo hiyo ama kesho yake. Kwa mtu wa kuhasol, hiyo ni doo. Mama mboga anarudi kwa kibanda mapema, na makovu ni madogo. Hapa Kenya upasuaji huu si kitu kigeni. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na ile ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ni kati ya zinazoufanya.

Walioanza walichekwa

Usidhani madaktari wenyewe waliikumbatia hii kitu mara moja. Kurt Semm, daktari wa wanawake kule Kiel, Ujerumani, alitoa kidole tumbo kwa njia hii mwaka wa 1980. Badala ya kupigiwa makofi, wapasuaji wengine walitaka asimamishwe kazi. Inasimuliwa kwamba hata kabla ya hapo wenzake walimtaka apigwe picha ya ubongo, wakidhani ana shida kichwani.

Mwaka wa 1985, Mjerumani mwingine, Erich Mühe, akatoa kifuko cha nyongo bila kufungua tumbo kule Böblingen. Alipowaelezea wapasuaji wenzake mwaka uliofuata, wakamdharau. Ilibidi ifike 1992 ndio chama hicho hicho cha wapasuaji wa Ujerumani kimtuze.

Kilichosaidia njia hii kusambaa ni kamera. Mwanzoni daktari alichungulia kwa jicho moja kwenye bomba, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Miaka ya 1980 kamera ndogo za kielektroniki zikafungwa kwa bomba hilo, picha ikaenda kwa skrini, na timu nzima ikaona kitu kimoja.

Lakini hapo ndipo kina kilipotelea.

Jaribu hii sasa hivi

Chukua biro mbili. Shika moja kila mkono, nyoosha mikono kidogo, halafu gusanisha ncha zake. Rahisi, sindio?

Sasa funga jicho moja urudie. Utapata ncha moja inapita mbele ya nyingine ama nyuma yake, na wewe ulikuwa umeapa zimekutana. Ukitaka kuteseka zaidi, jaribu kupitisha uzi kwa sindano ukiwa umefunga jicho moja.

Sababu ni hii. Macho yako yameachana karibu sentimita 6. Kila jicho linaona kitu kile kile kutoka upande tofauti kidogo, na ubongo unalinganisha picha hizo mbili. Kitu kikiwa karibu, tofauti ya picha ni kubwa. Kikiwa mbali, tofauti ni ndogo. Kutoka kwa tofauti hiyo ubongo unakupigia hesabu ya umbali, na hujui hata kama kuna hesabu inapigwa.

Mwingereza Charles Wheatstone ndiye aliyeonyesha jambo hili mwaka wa 1838. Alichora picha mbili zilizotofautiana kidogo, akatumia vioo ili kila jicho lione yake peke yake, na michoro bapa ikaonekana kama vitu halisi. Sinema zote za 3D ulizowahi kulipia zinatumia ujanja huo huo.

Fimbo ya kawaida ya upasuaji ina lenzi moja. Ni kama kumfunga daktari jicho moja, halafu kumwambia ashone ndani ya tumbo la mtu.

Kwani wamekuwa wakifanyaje miaka hii yote?

Swali poa. Jibu ni mazoezi, na ubongo ulio na ujanja mwingi.

Mtu akicheza gemu ya mpira kwa runinga, anajua mchezaji yupi yuko mbele ingawa skrini ni bapa. Anasoma vivuli. Anaona nani anamfunika nani. Kitu kikubwa anakihesabu kuwa karibu, kidogo anakiweka mbali. Daktari naye hufanya vivyo hivyo. Akisogeza kamera kidogo, vitu vya karibu vinahama haraka kuliko vya mbali, na hiyo inampa fununu nyingine. Pia anaweza kugusa kwa ncha ya kifaa na kuhisi amefika.

Lakini ujanja huo hauji bure, lazima uzoee. Na kuna jambo la pili la kumchanganya. Kile kitundu kwa ngozi kinakuwa kama mhimili wa bembea. Mkono ukienda kulia, ncha ya kifaa inaenda kushoto. Ukiinua mkono, ncha inashuka. Ongeza na ukweli kwamba kamera yenyewe mara nyingi imeshikwa na msaidizi.

Ndio maana mpasuaji anayejifunza hutumia masaa mengi kwa sanduku la mazoezi, akihamisha vidude vidogo kutoka kwa kijiti hiki hadi kile, kabla aguse tumbo la mtu.

Kwa nyongo ndio kuna noma

Tuongee sasa kuhusu mahali ambapo kuona vibaya kunaumiza kabisa.

Kifuko cha nyongo kinaning'inia chini ya ini. Kina mrija wake mdogo, na mrija huo unaungana na mrija mkuu unaobeba nyongo kutoka kwa ini hadi kwa utumbo. Daktari anapotoa kifuko, anatakiwa kufunga na kukata ule mrija mdogo pekee, pamoja na mshipa wa damu unaolisha kifuko. Mrija mkuu haufai kuguswa.

Sasa fikiria hali yenyewe. Mawe yamekaa miaka, kifuko kimevimba, mafuta yamefunika kila kitu, na makovu yamevuta mirija hadi imelaliana. Mrija mkuu una upana wa milimita 6 hivi. Kwa skrini, mrija uliovutwa juu unaweza kufanana kabisa na ule mdogo.

Daktari akikata usio wake, nyongo inavuja tumboni ama inaziba isifike kwa utumbo. Mgonjwa aliyekuja kwa kazi ya saa moja hivi anaweza kuishia kwa upasuaji mwingine mkubwa wa kujenga njia mpya ya nyongo, na kurudi hospitali kwa miaka. Hutokea mara chache, chini ya mgonjwa 1 kwa kila 100. Lakini ukiwa wewe ndiye huyo 1, hesabu haikufariji.

Mwaka wa 2003, timu ya Lawrence Way kutoka Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ilichapisha uchunguzi wa visa 252 vya mirija ya nyongo iliyojeruhiwa kwa upasuaji wa vitundu. Walitaka kujua kosa huanzia wapi. Je, ni mikono mibaya? Ni kukosa elimu?

Jibu lilishtua wengi. Katika asilimia 97 ya visa, chanzo kilikuwa kiinimacho. Macho yaliona mrija, ubongo ukasema "ni huu", na mkono ukakata vizuri kabisa mrija usiofaa. Udhaifu wa mikono ulichangia asilimia 3 pekee. Na kwa visa vingi daktari hakujua wakati ule kwamba kuna kitu kimeharibika.

3D ya kwanza iliumiza watu vichwa

Kwa hivyo suluhisho linaonekana rahisi: rudisha jicho la pili. Kampuni zilianza kuuza mitambo ya 3D ya thieta mapema miaka ya 1990.

Shida ni kwamba mitambo yenyewe haikuwa imeiva. Picha haikuwa safi. Miwani mingi ilikuwa na vilango vya kielektroniki vinavyofunga jicho la kushoto, halafu la kulia, kwa zamu, mara nyingi kila sekunde. Ilikuwa mizito, na picha ilimetameta. Simama hivyo masaa mawili uone kama hutaitisha Panadol.

Mwaka wa 1998, George Hanna, Sami Shimi na Alfred Cuschieri wa Dundee, Uskoti, walichapisha jaribio katika jarida la Lancet. Wagonjwa wa kutolewa kifuko cha nyongo waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wapasuliwe kwa skrini ya kawaida, wengine kwa 3D. Matokeo? Hakukuwa na tofauti ya maana kwa muda wala kwa makosa. Badala yake, 3D iliwaletea wapasuaji macho kuchoka na kuumwa na kichwa.

Baada ya hapo 3D ikapoa. Wengi wakaona ni kiki tu ya watu wa mauzo.

Mitambo ya sasa inafanyaje kazi?

Hii ya sasa ni gari lingine kabisa.

Ukiangalia ncha ya fimbo ya kisasa ya 3D, utaona lenzi mbili zilizokaa kando kwa kando kama macho ya panya. Zimeachana milimita chache tu. Unaweza kuuliza: macho yetu yameachana sentimita 6, hizo milimita zitatosha kweli? Zinatosha, kwa sababu kamera iko karibu sana na kazi, mara nyingi sentimita 5 hadi 10. Ukitazama kitu kilicho puani, huhitaji macho yaliyoachana sana.

Kila lenzi inapeleka picha yake. Skrini inazichora zote mbili kwa mistari myembamba, mstari wa jicho la kushoto, unaofuata wa jicho la kulia, hivyo hivyo hadi chini. Mbele ya skrini kuna utando unaosokota mwanga wa mistari ya kushoto kwa upande mmoja na ule wa kulia kwa upande mwingine.

Miwani sasa inafanya kazi ya bouncer mlangoni. Lenzi ya kushoto inaruhusu mwanga uliosokotwa upande wake pekee, na ya kulia vivyo hivyo. Kila jicho linapata picha yake na ubongo unamalizia. Miwani haina betri wala waya, ni miepesi, na aliye na miwani yake ya macho anavaa juu yake.

Ndio maana ukiingia thieta ya 3D utapata mbogi yote, kuanzia daktari, msaidizi hadi nesi, imepiga luku moja. Asiye na miwani anaona picha mbili zilizolaliana kama mtu aliyeamka na hangover.

Kulikuwa na kizingiti kingine. Fimbo nyingi za kawaida hutazama kwa pembeni, kwa hivyo msaidizi akiizungusha daktari anachungulia nyuma ya kona. Sasa fimbo ya lenzi mbili ukiizungusha ovyo, lenzi moja inaenda juu nyingine chini, na 3D inavurugika, kwa sababu macho ya binadamu yamepangwa kando kwa kando. Kampuni zilitafuta njia tofauti. Olympus kwa mfano ilitoa fimbo ya Endoeye Flex 3D, ambayo ncha yake inapinda hadi nyuzi 100 kwa pande zote nne, shina likiwa limetulia.

Na zile roboti je?

Pengine umeskia kuhusu roboti ya da Vinci, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2000. Wengi husifu mikono yake, lakini nusu ya utamu wake ni macho. Daktari anaketi kando, anainamisha uso kwenye kiti chake cha kuongozea, na ndani humo kila jicho lina picha yake. Hahitaji miwani.

Tofauti ni kwamba roboti ni mzigo wa kununua na wa kutunza. Mtambo wa 3D pekee unampa daktari kina huku akiendelea na vifaa vyake vya kawaida vya mkono, kwa gharama ya chini zaidi. Kwa hospitali ambazo bajeti haifiki kwa roboti, hiyo ni njia ya katikati.

Sasa inasaidia kweli ama ni kiki?

Inasaidia, lakini sikiza vizuri inasaidia wapi.

Mwaka wa 2016, watafiti wa Copenhagen walikusanya majaribio 31 yaliyolinganisha 3D na skrini ya kawaida. Katika majaribio kama 7 kati ya kila 10, kazi iliisha haraka zaidi kwa 3D. Na kati ya yale yaliyohesabu makosa, kama 6 kati ya 10 yalionyesha makosa yamepungua. Lakini mengi ya majaribio hayo yalifanyiwa kwa sanduku la mazoezi, si kwa mgonjwa.

Mwaka wa 2018, chama cha Ulaya cha wapasuaji wa njia hii kiliita wataalamu kupima ushahidi wote. Wakapendekeza 3D kwa sababu inapunguza muda wa upasuaji. Lakini kuhusu kupunguza madhara kwa mgonjwa, wakasema utafiti zaidi unahitajika.

Inang'aa zaidi kwa kushona. Kupitisha sindano iliyopinda ndani ya nyama, kuishika upande wa pili, kufunga fundo, yote kwa vijiti virefu, hapo kina ni kila kitu. Na anayejifunza huonekana kufaidika haraka, kwa sababu hajazoea kusoma vivuli kama mzee wa kazi.

Sasa turudi kwa wale 252. Je, 3D ingewaokoa?

Fikiria ukiwa Mombasa Road saa saba mchana. Mbele unaona maji yanametameta kwa lami. Una macho mawili mazima, unaona kina vizuri, na bado unaona maji ambayo hayapo. Kina hakiondoi kila kiinimacho. Kama ubongo umeshaamua kwamba mrija huu ndio wenyewe, skrini ya 3D inaweza kukuonyesha mrija usiofaa, ila safari hii kwa umbo zuri zaidi.

Kinachomlinda mgonjwa hapo ni nidhamu. Mwaka wa 1995, Steven Strasberg na wenzake walieleza kanuni inayofundishwa sasa duniani kote. Kabla ya kukata chochote, daktari asafishe mafuta na makovu yote, abandue sehemu ya chini ya kifuko kutoka kwa ini, na ahakikishe anaona vitu viwili, na viwili tu, vinavyoingia kwenye kifuko. Kama haoni hivyo, hakati.

Akibaki na shaka, kuna njia nyingine. Anaweza kuingiza dawa kwa mirija na kupiga eksirei palepale, ama kutumia rangi inayong'aa kijani chini ya kamera maalum. Anaweza kumwita mwenzake aje acheki. Anaweza pia kufungua tumbo kwa njia ya zamani. Hiyo ya mwisho wengi huiona kama kufeli, lakini daktari anayefungua kwa sababu haoni vizuri amekufanyia kazi safi.

Kwa hivyo 3D ni kama taa nzuri za gari. Usiku zinasaidia sana, lakini hazimfundishi dereva wakati wa kufunga breki.

Kuna wenye 3D haiwafai

Usishangae. Kuna watu ambao ubongo wao hauunganishi picha za macho mawili. Aliyekuwa na makengeza utotoni ama jicho moja dhaifu anaweza kutazama muvi ya 3D na asione kitu cha ajabu. Kati ya madaktari pia wamo, na kwao mtambo huu hauongezi kitu. Wengi wao hata hivyo ni mafundi kwa skrini ya kawaida, kwa sababu vivuli wamevisoma maisha yao yote.

Wengine hupata kizunguzungu, kichefuchefu ama macho kuchoka. Skrini ikiwekwa juu sana ama kando, picha inagawanyika. Kamera ikisongezwa karibu mno, macho yanajikunja kama unayetazama nzi aliyetua puani.

Na skrini za kawaida nazo hazijalala. Zile za 4K zinaonyesha kivuli na mshipa mdogo kwa usafi ambao miaka ya 1990 haukuwepo. Kwa mzoefu, pengo kati ya hizo mbili limepungua.

Maswali ya kuuliza kabla usaini

Watu wengi wakifika kwa daktari wanauliza swali moja tu: ni pesa ngapi? Ni swali halali, bili za hospitali si mchezo. Lakini ongeza haya:

1. "Daktari, umefanya upasuaji huu mara ngapi?" Si dharau. Daktari mzuri hajam akiulizwa.

2. "Utahakikisha vipi umekata mrija unaofaa?" Hii ni ya wanaotolewa kifuko cha nyongo. Jibu likitaja kusafisha hadi aone vitu viwili tu, uko kwa mikono poa.

3. "Ukishindwa kuona vizuri, mpango ni gani?" Jibu unalotaka kusikia ni kwamba atafungua ama ataita mwenzake. Anayekuambia haiwezi kutokea, mfikirie mara mbili.

4. "Mnatumia 3D ama skrini ya kawaida, na wewe umezoea gani?" Angalia swali linaishia wapi. Daktari aliyezoea skrini ya kawaida miaka 10 ni heri kuliko aliyepewa mtambo mpya wiki jana.

Ukishatoka hospitali pia, kaa rada. Maumivu ya bega siku moja ama mbili ni ya kawaida, hiyo ni gesi iliyobaki. Lakini kama tumbo linazidi kuuma badala ya kupoa, una homa, unatapika, macho yanakuwa manjano ama mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, usingoje hadi siku ya kliniki. Usinunue dawa ya maumivu kwa duka ulale. Rudi hospitali siku hiyo hiyo. Mrija uliojeruhiwa ukigunduliwa mapema hutibika kwa urahisi kuliko ukikaa.

Na ukiingia thieta upate daktari na manesi wote wamevaa miwani myeusi, usiogope. Wametafuta jicho lao la pili. Wewe hakikisha tu ulimuuliza atafanya nini likishindwa kuona.